Kurasa Nene za Intaneti na Mgonjwa Anayesubiri

Katika ofisi moja ya London inayoshughulikia msaada wa makazi, msichana mmoja alikuwa amejiinamia juu ya kifaa kidogo. Aliyemwona kwa mbali angedhani anacheza, maana kifaa chenyewe kilikuwa PlayStation Portable, mashine ya michezo iliyoingia sokoni Japani mwaka 2004. Hakuwa akicheza. Alikuwa ameiunganisha na intaneti ya bure ya ofisi ile, akisoma tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, ili ajue haki zake za msaada wa nyumba. Mtaalamu wa teknolojia Terence Eden, aliyekuwapo pale kikazi, alikisimulia kisa hicho mwaka 2021.

Kivinjari cha mashine ile ni dhaifu. Kumbukumbu yake hujaa upesi, na kurasa nyingi za kisasa humshinda. Kurasa za GOV.UK zilifunguka kwa sababu zilitengenezwa kwa unyenyekevu: maandishi yaliyopangwa vizuri, mapambo machache, na hakuna jambo la lazima lililotegemea kifaa kipya au mtandao wa kasi. Si lazima awepo mhandisi aliyemfikiria msichana mwenye mashine ya michezo. Ilitosha kukubaliana kwamba mwananchi yeyote, mwenye kifaa chochote, aweze kusoma.

Kisa hicho ni cha makazi, lakini mhudumu wa afya ataona mara moja kinavyomhusu. Mahali pa msichana yule panaweza kukaa mkunga wa zahanati aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye simu ya bei nafuu na mtandao unaokuja na kupotea, akitaka kuhakiki kipimo cha kwanza cha magnesiamu salfeti kwa mama aliyepatwa na kifafa cha mimba. Anaweza kukaa baba anayetafuta dalili za hatari kwa mtoto anayeharisha. Ukurasa wanaouhitaji upo. Umeandikwa na wataalamu, umehaririwa, umewekwa hewani. Swali lililobaki ni kama utafunguka kabla subira, chaji na bando havijaisha.

Uzito unatoka wapi

Kila ukurasa wa intaneti husafiri kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayouhifadhi, hadi kwenye simu ya msomaji. Kinachosafiri hupimwa kwa baiti. Herufi moja ya maandishi ya kawaida ni baiti moja. Kilobaiti ni kama baiti elfu moja. Na megabaiti, ile MB inayouzwa katika vifurushi vya simu, ni kama kilobaiti elfu moja. Karatasi moja ya A4 iliyojaa maandishi haizidi kilobaiti chache. Mwongozo mzima wa dalili za hatari kwa mjamzito, ukiandikwa kwa maneno matupu, unaweza kusafiri kwa uzito ambao simu haitauhisi.

Tovuti ya kwanza duniani ilikuwa nyepesi namna hiyo. Tim Berners-Lee aliifungua mwaka 1991 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, ikiwa na maandishi na viungo vya kumpeleka msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mambo yalibadilika baadaye. Mradi wa HTTP Archive, unaopima uzito wa kurasa za tovuti nyingi duniani tangu mwishoni mwa mwaka 2010, ulipoanza kazi ulikuta kwamba ukurasa wa wastani, yaani ule ulio katikati ya nyepesi na nzito, haukufika kilobaiti 500 kwenye kompyuta. Oktoba 2024 ukurasa wa katikati ulikuwa na kilobaiti 2,652 kwenye kompyuta na 2,311 kwenye simu. Nusu ya kurasa zilizopimwa ni nzito kuliko hapo.

Mwaka 2015, mjini Sydney, mtengenezaji wa programu Maciej Cegłowski alitoa hotuba akiufananisha mwenendo huu na unene wa kupindukia. Daktari atautambua ukweli uliomo katika mfano huo. Mwili haunenepi kwa mlo mmoja, na ukurasa vilevile. Idara ya mawasiliano huomba picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa. Mfadhili huomba nembo yake ionekane. Mkurugenzi huona tovuti ya taasisi nyingine yenye video inayojiendesha, naye akaitaka. Mtaalamu wa takwimu huongeza programu ya kuhesabu wageni, na anayekuja baada yake huongeza nyingine bila kuiondoa ya kwanza. Kila ombi, likitazamwa peke yake, ni dogo na lina sababu. Hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuondoa, na kwa hiyo hakuna kinachoondolewa.

Vinavyouza nafasi zaidi katika ukurasa ni vya aina chache. Kwanza ni picha, hasa zile zinazowekwa kama zilivyotoka kwenye kamera, zikiwa na megabaiti kadhaa kila moja, ilhali kioo cha simu hakiwezi kuonyesha hata sehemu ndogo ya undani wake. Pili ni fonti, yaani maumbo maalumu ya herufi yanayopakuliwa upya ingawa simu ina herufi zake zinazosomeka vizuri. Tatu ni msimbo wa JavaScript, maelekezo yanayoifanya simu itekeleze kazi baada ya ukurasa kufika. Huu wa tatu una gharama mbili. Picha ikishafika huonyeshwa tu. Msimbo ukifika, simu inapaswa kuusoma, kuuchambua na kuutekeleza. Simu ya bei kubwa humaliza kazi hiyo kabla mwenyewe hajatambua. Simu ya bei ndogo hupata joto, hukwama, na chaji hushuka. Ziko kurasa zilizojengwa hivi kwamba maandishi yenyewe hayaonekani mpaka msimbo wote umalize kazi. Ukikwama njiani, msomaji hubaki akitazama kioo cheupe.

Aina ya nne ni vifuatiliaji, yaani vipande vya msimbo vya makampuni ya matangazo vinavyoandika nani amesoma nini. Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, gazeti la Marekani USA Today liliwaandalia wasomaji wa Ulaya toleo lisilo na matangazo wala vifuatiliaji. Aliyelipima alikuta kwamba ukurasa uliokuwa na megabaiti 5.2 umebaki na kilobaiti 500 hivi. Habari zilikuwa habari zilezile. Sehemu tisa kati ya kumi za mzigo hazikuwa za msomaji.

Katika afya jambo hili linazidi uzito. Juni 2022, chombo cha habari cha Marekani The Markup kilichunguza tovuti za hospitali 100 zilizoorodheshwa kuwa bora nchini humo, kikakuta 33 kati yake zina kifuatiliaji cha kampuni ya Meta, ambacho kiliweza kutuma taarifa pale mgonjwa alipobonyeza kuomba miadi na daktari. Kwa namna hiyo mgonjwa hulipia kwa bando lake mwenyewe usafiri wa kitu kinachobeba siri yake kwenda kwa mtu asiyemjua. Kupunguza uzito wa ukurasa wa hospitali, basi, mara nyingine ni sehemu ya kiapo cha kutunza siri.

Nani analipa

Mwenye tovuti hulipia seva. Gharama iliyobaki humwangukia msomaji, na hesabu yake si ngumu. Mwenye kifurushi cha MB 100 anayefungua kurasa za uzito wa katikati atafungua kama 43, kisha kifurushi kimekwisha. Kurasa zikiwa za kilobaiti 50, kifurushi kilekile kitamfungulia 2,000.

Muda nao huhesabika. Mahali ambapo simu hupata mtandao wa 2G wenye kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, ukurasa wa kilobaiti 2,311 utahitaji zaidi ya dakika tatu, iwapo hakuna kitakachokatika. Ukurasa wa kilobaiti 50 utahitaji sekunde nne. Kwa mtu anayesoma makala jioni, tofauti hiyo ni usumbufu. Kwa anayesimama kando ya mgonjwa anayetoka damu baada ya kujifungua, dakika tatu ni sehemu ya matibabu.

Tena, kasi peke yake haielezi yote. Simu na seva huanza kwa kusalimiana: simu huuliza anwani, hufungua njia, hukubaliana na seva namna ya kufunga ujumbe kwa siri, ndipo iombe ukurasa. Kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi. Seva nayo haimwagi mzigo wote kwa mara moja. Kwa kawaida hutanguliza takribani kilobaiti 14, husubiri kujua kama zimefika salama, kisha huongeza kidogo kidogo. Ukurasa mwepesi unaweza kufika wote au karibu wote katika mkupuo wa kwanza. Ukurasa mzito, unaochota picha kwa seva moja, fonti kwa nyingine na vifuatiliaji kwa seva kumi zaidi, hurudia salamu zile kwa kila mmoja. Mtu aliye mbali na seva, au aliye chini ya mnara uliozidiwa na watu, hulipa kila safari kwa sekunde zake.

Ndiyo maana anayetengeneza ukurasa mara nyingi hauoni uzito wake. Hukaa mjini, ofisini, mbele ya kompyuta nzuri iliyounganishwa na mkongo. Kwake kila kitu hufunguka papo hapo.

Wasioonekana katika takwimu

Mwaka 2012, mhandisi Chris Zacharias alisimulia jambo lililompata miaka mitatu kabla, alipokuwa akifanya kazi YouTube. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa umefika megabaiti 1.2. Yeye akajiwekea lengo la kuushusha chini ya kilobaiti 100, akapunguza kimoja baada ya kingine mpaka ukabaki na 98. Toleo hilo jepesi likapewa sehemu ya watazamaji, naye akangoja takwimu zithibitishe kazi yake.

Takwimu zikamshangaza. Wastani wa muda wa kufungua ukurasa ulikuwa umeongezeka. Ukurasa mwepesi mara kumi na zaidi ulionekana kuwa wa polepole kuliko ule mzito. Alikaribia kukata tamaa, hadi matokeo yalipogawanywa kwa maeneo ya dunia. Hapo ikaonekana kwamba watu wengi wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na hata sehemu za mbali za Siberia wameanza kutazama video. Kwao ukurasa mwepesi ulichukua dakika mbili. Ule wa zamani ungechukua zaidi ya 20, na kwa hiyo hawakuwa wakiungoja. Walikuwa wakiondoka, wala hakuna daftari lililowaandika. Walipoweza kuingia, mwendo wao wa taratibu uliingizwa katika hesabu kwa mara ya kwanza, na wastani ukapanda.

Mtu aliyefunzwa afya ya jamii hahitaji kuelezwa zaidi. Rejesta ya hospitali huhesabu waliofika. Mama aliyefia njiani na mtoto aliyezikwa kijijini bila kuonwa na daktari hawamo. Hospitali inayotazama rejesta yake pekee inaweza kuamini kwamba wagonjwa wa kata fulani ni wachache, kumbe barabara haipitiki. Kituo kikifunguliwa jirani nao, idadi ya wagonjwa na hata ya vifo vilivyoandikwa inaweza kupanda, na mtu asiyejua angesema kituo kimeleta maradhi.

Tovuti ya afya inayojitazama kwa idadi ya wageni wake imo katika hatari hiyo hiyo. Ripoti ya mwezi itaonyesha kuwa wasomaji wengi wako mjini, wana simu nzuri, na kurasa zinawafungukia haraka. Uongozi utaridhika. Mkunga aliyejaribu mara tatu usiku akaishia kwenye kioo cheupe hakuacha alama yoyote katika ripoti ile.

Waliopunguza

Mwamko wa kurudisha wepesi haukuanza jana. Opera Mini, kivinjari kutoka Norwei kilichosambazwa duniani kuanzia mwaka 2006, kilipata watumiaji wengi Afrika kwa sababu ya jambo moja: ukurasa hupitishwa kwanza kwenye seva zake, hubanwa, kisha hutumwa kwenye simu ukiwa mdogo. Wengi waliosoma intaneti yao ya kwanza kwenye simu ya vitufe waliisoma kwa njia hiyo.

Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikielekea Florida, mashirika ya habari ya Marekani CNN na NPR yaliwaelekeza watu kwenye matoleo yao ya maandishi matupu, ili mwenye mtandao dhaifu na chaji kidogo aweze kupata habari. Julai 2018 kampuni ya Google ilianza kuhesabu kasi ya ukurasa kwenye simu kuwa mojawapo ya vigezo vya kupanga matokeo ya utafutaji. Baadaye ikaweka vipimo vya wazi, kimojawapo kikitaka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Mwaka 2022 GOV.UK, ambayo tayari ilikuwa nyepesi, iliondoa katika kurasa zake nyingi mkusanyo wa msimbo uitwao jQuery, ikaokoa kilobaiti 32. Kiasi hicho ni kidogo, lakini watunzaji wa tovuti hiyo wanajua kwamba uzito huingia kwa vipande vidogo, na kwa vipande vidogo hutoka.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake, na wahudumu wa afya wanaifahamu kwa mikono yao. Kenya iliposambaza mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, wilaya ziliunganishwa na seva moja ya kati kwa kutumia mitandao ya simu iliyokatika mara kwa mara. Mfumo huo, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, ulipewa uwezo wa kuhifadhi fomu ndani ya kivinjari: mhudumu hujaza takwimu mtandao ukiwa haupo, nazo huenda zenyewe mtandao ukirudi. Aliyekuwa akipoteza kazi ya mchana mzima kwa sababu ya dakika moja ya kukatika anajua thamani ya jambo hilo.

Tanzania ilitumia njia nyepesi kuliko zote. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na wenza wao ujumbe mfupi wa simu bila malipo, kulingana na umri wa mimba. Ujumbe mmoja una herufi 160 na husafiri katika baiti 140. Ukurasa mmoja wa katikati wa siku hizi ungetosha kubeba zaidi ya jumbe 16,000 za namna hiyo. Ufinyu wa nafasi uliwalazimisha waandishi kuchagua: ni neno lipi mama huyu, wiki hii, hawezi kulikosa? Swali hilo kurasa nyingi za afya hazijaulizwa.

Uzito wenye kazi

Haifuati kwamba kila picha ni adui. Maelezo ya upele hayatoshi bila picha, tena picha iliyo wazi na inayoonyesha ngozi nyeusi. Namna mtoto anavyopaswa kushika titi huelezeka vizuri zaidi kwa video fupi kuliko kwa aya tatu. Mgonjwa asiyejua kusoma hunufaika na sauti. Kuondoa vitu hivyo kwa jina la wepesi kungekuwa kumtibu mtu unene kwa kumnyima chakula.

Kinachotakiwa ni kila uzito ujieleze. Picha ya upele ina kazi. Picha ya jengo la utawala iliyotanda juu ya ukurasa wa kipindupindu haina. Video ya kunyonyesha ina kazi, ila isianze kujiendesha kabla mama hajaamua kuitumia MB zake. Inatosha kuweka picha ndogo, kutaja ukubwa wa video, na kumwachia yeye abonyeze. Mgonjwa huombwa ridhaa kabla ya kuguswa mwili. Si ajabu akiombwa kabla ya kuguswa mfuko.

Kwa taasisi ya afya inayotaka kuanza, hatua za kwanza hazihitaji fedha nyingi:

1. Maelezo ya dharura yatangulie, yakiwa maandishi halisi. Bango lililopigwa picha na waraka uliopitishwa kwenye skana ni mzigo mkubwa. Zaidi ya hayo, maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafutiki kwa urahisi, na programu inayomsomea asiyeona mara nyingi haiyafikii.

2. Mwongozo uliomo katika faili la PDF uwe pia na ukurasa wa kawaida, angalau kwa sehemu zinazohitajika kwa haraka: vipimo vya dawa, dalili za hatari, namba za rufaa.

3. Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa. Picha ya megabaiti tatu ikirekebishwa kulingana na kioo cha simu inaweza kubaki na kilobaiti 100 au pungufu, na msomaji asione tofauti.

4. Uwekwe ukomo wa uzito unaojulikana na wote. Anayetaka kuongeza kitu kipya aonyeshe kitakachotoka.

5. Vifuatiliaji vya matangazo viondolewe katika kurasa zote zinazotaja maradhi, vipimo, dawa au miadi.

6. Tovuti ijaribiwe na simu ya bei ya chini kabisa inayopatikana sokoni, nje ya intaneti ya ofisi, ikiwa imewekwa kwenye 2G. Wanaofanya uamuzi wawepo, na wangoje mpaka mwisho bila kuzungumza.

Hatua ya sita hufundisha kuliko ripoti yoyote. Dakika tatu za kimya mbele ya kioo cheupe ni ndefu sana.

Kwa anayesoma

Mhudumu wa afya na mgonjwa hawana mamlaka juu ya uzito wa kurasa, lakini wana la kufanya. Miongozo inayohitajika kazini ipakuliwe mapema, siku mtandao unapokuwa mzuri, na ihifadhiwe kwenye simu. Miongozo ya wizara ndiyo itangulie. Programu ya WikiMed, iliyotokana na mradi wa Kiwix, hubeba makala za tiba za Wikipedia ambazo husomeka bila intaneti baada ya kupakuliwa mara moja. Inafaa kwa kujikumbusha na kujielimisha, ila haichukui nafasi ya mwongozo rasmi wa nchi. Nakala ya karatasi ya vipimo vya dawa za dharura, iliyobandikwa ukutani chumba cha kujifungulia, haijawahi kukosa mtandao, na hakuna sababu ya kuibandua kwa kuwa sasa kuna simu.

Mgonjwa au ndugu anaweza kuwasha hali ya kuokoa data katika simu au kivinjari chake, kuzuia video zisijiendeshe, na kuhifadhi kurasa anazozirejea mara kwa mara, kama ratiba ya chanjo au maelekezo ya dawa za kisukari. Akikuta ukurasa wa kituo chake hausomeki, amwambie mhudumu. Mhudumu naye alifikishe neno hilo kwa wenye tovuti, kwa maana takwimu zao hazitawaambia.

Juu ya hayo yote kuna jambo ambalo ukurasa wowote wa afya ungepaswa kulisema katika mistari yake ya kwanza. Mama mjamzito anayeumwa sana kichwa, anayeona maluweluwe, anayetoka damu au aliyepatwa na degedege. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au aliyelegea na kupoteza fahamu: hao wasisubirishwe na simu. Wapelekwe kituoni mara moja, ukurasa uwe umefunguka au haujafunguka. Aya hii haifiki hata kilobaiti moja.